Bonde Linalompenda Anayehama

Aliyekulia Njoro, Gilgil au Elementaita huenda akatambulika ugenini pindi anapocheka. Meno yana rangi ya kahawia, na mswaki hauna la kufanya. Maji ya visima vingi vya sehemu hizi hupita kwenye miamba ya volkano yakabeba floridi, mara nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani yangali yanajiunda ndani ya ufizi, doa hilo huzeeka naye. Mwenye uwezo hununua maji yaliyochujwa, pengine kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floridi. Asiye nao huchota yaliyopo.

Je, mahali ndipo panapoamua hali ya watu? Mwaka 1997 msomi wa Marekani, Jared Diamond, alichapisha kitabu Guns, Germs, and Steel akidai kwamba bahati ya mataifa ilitokana na mimea, wanyama na umbo la mabara yalimojikuta. Hoja ina uzito. Lakini ukiileta hapa Nakuru inapungukiwa na jambo moja: Bonde hili la Ufa limewapa watu mengi, ila kila kitu kimewekwa mahali pake. Chumvi iko huku, maji matamu kule, nyasi za kiangazi juu ya mlima. Basi swali ni nani anaruhusiwa kutembea.

Watu wa kale walijua kwamba kitu hufuatwa kilipo. Lile jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, linalopatikana Eburru na kando ya Naivasha, lilichongwa visu na kusafirishwa mbali na machimbo yake. Pale Kariandusi, karibu na Elementaita, mwanaakiolojia Louis Leakey na wenzake walikuta mwishoni mwa miaka ya 1920 mashoka ya mawe, mengine yakiwa ya jiwe hilohilo, yaliyoachwa na viumbe waliotutangulia mamia ya maelfu ya miaka.

Wamaasai nao walikuwa na kalenda ya miguu. Mvua ikinyesha, mifugo iko bondeni. Jua likikaza, inapanda nyanda za juu. Ng'ombe anayekula huku na kule hakosi madini ya aina moja mwaka mzima. Kisha ikaja sotoka ya miaka ya 1890, ikafyeka mifugo. Reli ikafika Nakuru mwaka 1900, na kwa mkataba wa 1904 na serikali ya Waingereza, Wamaasai wakaondolewa Naivasha na Nakuru, wengi wakapelekwa Laikipia. Mkataba wa 1911 ukawatoa na huko, ukawasukuma kusini.

Mlowezi wa Kiingereza, Bwana Delamere, alikuwa amepewa ekari 100,000 Njoro mwaka 1903, kwa kodi ya miaka 99. Aliona nyasi nzuri, akaleta kondoo, na kondoo wakafa. Ng'ombe nao wakaandamwa na maradhi, ndigana ikiwemo. Kwa macho ya mgeni ilikuwa kama laana: mnyama anasimama katikati ya malisho na bado anakonda. Baadaye wataalamu wa mifugo waligundua kwamba udongo wa majivu ya volkano sehemu hizi una upungufu wa kobalti, na maradhi yale ya kukonda wakayaita nakuruitis.  Dawa ikawa kumlisha mnyama madini, yaani kumnunulia kwenye gunia kile ambacho zamani angekifuata kwa miguu yake. Mpaka wa shamba una gharama zake.

Delamere akageukia ngano. Ugonjwa wa kutu ukaila. Hapo, lazima tumpe haki yake, hakukata tamaa: aligharamia utafiti wa mbegu zinazostahimili, na Njoro haijaacha kazi hiyo hadi leo chini ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo. Baridi ya nyanda za juu, umande na ngano inayopandwa misimu miwili huipa kutu makao karibu mwaka mzima. Aina hatari ya kutu iitwayo Ug99 ilipoonekana Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, wanasayansi walihitaji mahali ambapo ngano ingeshambuliwa kwelikweli. Sasa mbegu kutoka nchi nyingi huletwa Njoro zipimwe, na ubaya wa hali ya hewa umekuwa ajira.

Ziwa Nakuru lenyewe halikusoma ramani ya mipaka. Mwaka 2010 lilikuwa na kilomita za mraba 40 hivi. Miaka kumi baadaye lilipita 60, likameza lango kuu la hifadhi ya taifa inayolizunguka na kuingia mitaani, Mwariki ikiwemo. Mvua zimezidi, na ardhi iliyokatwa miti huko Mau haishiki maji kama zamani. Maji ya mvua yalipopunguza magadi ya ziwa, mwani unaoliwa na heroe ulipungua. Heroe wengi wakaruka hadi Bogoria, ambako chakula kilikuwapo. Mwenye ploti Mwariki hana Bogoria yake. Kuhama kwake kunahitaji fidia na ardhi mbadala, na ardhi ya Nakuru iliyo juu ya maji ina wenyewe tangu zamani.