Mnanaa Hautaki Jua

Dagaa tunaanika juani, muhogo juani, hata mlenda wa Dodoma hukaa juani mpaka uwe tayari kutwangwa. Basi mwenye fungu la mnanaa au mrihani naye huutandaza uani saa sita mchana. Jioni majani yamekauka kweli, ila yamekuwa ya kahawia, na ukiyafikicha hayanukii kitu.

Ukianika muhogo unataka maji yatoke tu. Ukianika mnanaa unataka maji yatoke na mafuta yabaki, na mafuta yenyewe ni mepesi kuruka. Kwenye mnanaa, mrihani na rozmari yamo ndani ya vifuko vidogo mno vilivyokaa juu ya ngozi ya jani. Ndiyo maana ukipitisha mkono tu juu ya mnanaa vidole vinanukia. Jani lililo juani hupata joto kuliko hewa inayolizunguka, na mafuta huondoka pamoja na maji. Mwanga nao huharibu ukijani, pamoja na ile karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Anayekausha majani ya mlonge kwa ajili ya lishe ana sababu kubwa zaidi ya kukimbilia kivulini.

Mchaichai ni mvumilivu. Mafuta yake yamo ndani ya jani, si juu, kwa hiyo haunukii sana mpaka uukate au uuponde. Ukate vipande vya urefu wa kidole, uutandaze kivulini, na hautakusumbua. Mrihani ndio wenye kiburi: palipominywa hapakawii kuwa peusi, kwa hiyo usiurundike wala kuufinya kwenye mfuko ukitoka sokoni.

Kinachokausha hasa ni hewa, na hapa ndipo watu wa Dodoma na watu wa Tanga wanapoachana. Jani huendelea kupoteza maji mpaka lilingane na unyevu wa hewa, kisha husimama. Kuvu wengi hushindwa kuota unyevu huo ukiwa chini ya asilimia 60 hivi. Dodoma wakati wa kiangazi, kivuli chenye upepo kinatosha. Pwani hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80, hata ukiyaacha majani mwezi mzima hayatafika panapotakiwa. Yatanyauka, yatalainika, halafu yataota ukungu. Wengi hudhani hawakuyapa siku za kutosha, kumbe siku si tatizo.

Dawa yake ni kuipasha hewa joto kidogo. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80, ikipashwa hadi nyuzi 38 bila kuongezwa maji, unyevu wake hushuka hadi kama asilimia 46. Nyuzi kumi tu, nawe umetoka Tanga ukaingia Dodoma. Nyumba nyingi tayari zina mahali pa namna hiyo: stoo iliyoezekwa mabati, isiyo na jua la moja kwa moja, yenye dirisha la kupitisha hewa. Mchana inafukuta, na fukuto hilo ndilo unalolitaka. Jikoni hapafai, maana kila sufuria inayochemka inaongeza mvuke. Oveni iliyozimwa baada ya kuoka mkate, ikabaki vuguvugu na mlango wake wazi kidogo, inafaa kumalizia kazi. Ikiwa huwezi kuacha mkono humo kwa utulivu, ina joto mno.

Vuna asubuhi umande ukishakauka, kabla mmea haujatoa maua. Osha, kung'uta, kausha kwa taulo. Picha za vitita vilivyoning'inizwa darini zinapendeza, lakini kwetu Pwani kitita kinene huoza katikati. Chuma majani, yatandaze safu moja juu ya ungo au wavu, funika kwa kitambaa chepesi kuzuia vumbi na nzi.

Jani lililokauka huvunjika, halikunjiki. Kwa kuhakikisha, tia majani kwenye chupa ya kioo, funga, uitazame kwa siku kadhaa. Ukiona jasho upande wa ndani wa kioo, yatoe yarudi kwenye ungo. Ukiona ukungu, tupa yote. Kuchambua hakusaidii, kwani kuvu wengine hutoa sumu isiyoonekana wala kuisha kwa kuchemshwa.

Yahifadhi yakiwa mazima, kabatini kwenye giza, uyafikiche siku ya kupika. Kijiko kimoja cha makavu hushika nafasi ya vitatu vya mabichi.

Na dania? Usijisumbue. Harufu ya majani yake huruka hata ukiyakausha kwa adabu zote, ukabaki na kitu kinachofanana na nyasi. Yakatekate, yajaze kwenye trei ya barafu pamoja na maji kidogo, uyagandishe. Kipande kimoja au viwili vinatosha sufuria ya maharage.