Janeko Si Jina la Mtu

Wahenga walinena kuwa hujafa hujaumbika. Wanafunzi wenzangu, nani kati yetu hajapata kumwona mtu akizurura ufuoni Luanda Kotieno, akisema peke yake, huku abiria wa feri ya Mbita wakimcheka? Kwa Kijaluo twamwita janeko, yaani mwendawazimu. Nakiri kwamba nikiwa darasa la nne nilimrushia jiwe jirani yetu, mvuvi aliyeshikwa na maradhi hayo. Jamaa zake walikuwa wamemfunga kwa kamba ya mashua. Wengine walidai ni juogi, wale mapepo; wengine ati amerogwa. Siku ya tatu ndipo walipompeleka hospitalini.

Je, muuguzi alifanya nini kwanza? Alimfungua kamba, akamwita kwa jina lake, kisha akatoa damu ipimwe malaria. Naam, malaria! Ikipanda kichwani humfanya mtu aweweseke kama mwenye wazimu, na huku kwetu ziwani mbu hawana likizo. Muuguzi wa maradhi ya akili huuliza pia habari za pombe, bangi na kifafa. Huangalia kama mgonjwa amelala na amekula, kama anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, na kama anawaza kujiua. Yote huyaandika, maana daktari hutegemea maandishi hayo.

Sasa tuje kwa dawa. Hospitali ya Mathari kule Nairobi ilipoanza kupokea wagonjwa wa akili mwaka wa 1910, hapakuwa na dawa ya kunyamazisha sauti hizo popote duniani. Mnamo 1952 madaktari wa Paris, Ufaransa, walianza kuwatibu wagonjwa kwa klopromazini. Baadaye ikaja haloperidoli. Hizo ni za wanaosikia sauti au kuona mambo yasiyokuwepo. Lithiamu huwasaidia wale ambao leo wana furaha iliyopita kiasi na kesho wamezama katika huzuni. Fluoksetini ni ya huzuni nzito, nayo huchukua wiki kadhaa kabla mtu hajaona nafuu. Diazepamu hutuliza wasiwasi, ila ikitumiwa kwa muda mrefu mwili huizoea, kwa hivyo si ya kuazimana.

Lakini kila dawa ina udhia wake. Haloperidoli yaweza kukaza misuli na kutetemesha mikono, hata jamaa wakasema, "Dawa inamuua!" na kuitupa. Kumbe ipo dawa nyingine ya kulegeza mkazo huo. Kinachotakiwa ni kumwambia muuguzi mapema. Klopromazini hufanya ngozi iungue upesi juani, basi anayeanika omena avae kofia na mikono mirefu. Anayetumia lithiamu hupimwa damu mara kwa mara, na anywe maji ya kutosha anapotokwa na jasho jingi.

Jirani yetu alipata nafuu, akarudi ziwani. Baada ya miezi michache akasema, "Mimi nimepona, vidonge ni vya nini tena?" Akaacha. Ugonjwa ukarudi kwa kishindo, naye akauza nyavu zake kwa bei ya kutupa. Hapo ndipo nilipoelewa: dawa hizi mara nyingi hazing'oi ugonjwa, huuzuia tu, kama zile za kisukari. Anayetaka kuzipunguza na amwone daktari kwanza. Siku hizi yeye hudungwa sindano kila mwezi, na asipofika kliniki muuguzi humtuma mtu amuulizie nyumbani.

Jamani, kamba haitibu, wala jiwe halitibu. Tukimwona mwenzetu amebadilika, hasemi na watu au halali, tumwambie mwalimu mapema, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mimi, nikimkuta yule jirani akishona nyavu zake mpya, humwamkia "Baba", kama niwaamkiavyo wazee wengine wote wa kijiji.