Usukani Mgumu katika Lori Kuukuu: Kosa Liko Wapi?

Mnunuzi wa lori lililokwisha kutumika hulijaribu, mara nyingi, wakati wa asubuhi: injini ingali baridi, uwanja ni mpana, na nyuma hamna mzigo. Usukani huzunguka vyema, bei hukubaliwa, fedha hutolewa. Juma moja baadaye lori lilo hilo, likiwa limesheheni magunia ya mahindi, hutambaa adhuhuri katika foleni ya mlima Kitonga, mkoani Iringa, na dereva akafika konani akakuta usukani umekuwa mzito kiasi cha kumtoa jasho. Hapana kilichovunjika tangu siku ya mauzo. Kilichozidi ni joto la mafuta pamoja na uzito uliokalia magurudumu ya mbele.

Usukani wa aina hii hutegemea kanuni ya Blaise Pascal, mwanasayansi wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1662: kanieneo inayotiwa katika kiowevu kilichofungiwa huenea sawasawa kila upande. Pampu inayozungushwa na injini hupeleka mafuta kwenye sanduku la usukani, ambamo mna pistoni. Tuchukue pistoni yenye kipenyo cha sentimita 10, ambayo eneo lake ni kama sentimita 78 za mraba. Kanieneo ikiwa kilogramu 100 kwa kila sentimita ya mraba, pistoni itasukumwa kwa kani inayolingana na uzito wa kilogramu 7,800. Dereva hufanya kazi ndogo tu ya kuupinda ufito mwembamba wa chuma cha pua uliomo katika mhimili wa usukani. Msokoto huo wa nyuzi chache hufungua valivu, nayo huyaelekeza mafuta upande wa pistoni unaohitajika. Francis W. Davis, mhandisi aliyepata kutumika katika idara ya malori ya Pierce-Arrow huko Marekani, alionyesha mtambo wa namna hii mwaka 1926. Ulingoja hadi mwaka 1951 ndipo kampuni ya Chrysler ilipoutia katika magari madogo ya kuuzwa kwa watu wote.

Fundi mwangalifu haanzi na pampu. Kwanza huzuia magurudumu ya nyuma kwa vigingi, huinua ekseli ya mbele kwa jeki na kuiegemeza juu ya vihimili imara, huzima injini, kisha huzungusha usukani kwa mkono. Ukiwa mgumu hata hapo, ambapo matairi hayagusi ardhi, pampu haina hatia: kosa ni msuguano wa kingpini zilizokaukiwa na grisi, au viungo vya mhimili vilivyoshika kutu, au sanduku lililokazwa kupita kiasi. Dalili nyingine ya kosa hili ni usukani usiorudi wenyewe katikati baada ya kona. Upepo wa matairi nao upimwe mapema, kwani tairi lililolegea hulaza eneo kubwa zaidi barabarani.

Ekseli ikiwa nyepesi inapoinuliwa, basi uchunguzi huhamia kwenye mafuta. Mkanda uliolegea huteleza na kupiga kelele usukani unapokatwa hadi mwisho. Povu katika chombo cha mafuta ni ishara ya hewa, nayo hewa hubonyea, tofauti na kiowevu. Wengi hutafuta tone la mafuta chini ya gari wasilione, wakahukumu kwamba hapavuji. Lakini katika bomba la kuvutia, kati ya chombo na pampu, kanieneo huweza kushuka chini ya ile ya angahewa. Ufa wa hapo huingiza hewa bila kutoa hata tone.

Usukani unaokuwa mgumu injini inapozunguka polepole, kisha ukawa mwepesi mafuta ya injini yanapokanyagwa, hutuhumu mkanda au pampu iliyolika. Hapa ndipo fizikia ya darasani inapofaa kuliko penginepo. Mafuta huvuja ndani ya pampu kupitia upenyo mwembamba baina ya vyuma, na kiasi kinachovuja hufuata kipeo cha tatu cha unene wa upenyo huo: upenyo ukiongezeka mara 2, uvujaji huongezeka mara 8. Aidha, uvujaji huongezeka kadiri mnato wa mafuta unavyopungua, na mnato hupungua kwa joto. Samli ya asubuhi na samli ya mchana yatosha kumwonyesha mwanafunzi jambo hilo. Kwa sababu hiyo pampu iliyochoka huweza kufanya kazi alfajiri na kushindwa adhuhuri. Na muuzaji mjanja huweza kumimina mafuta mazito ili aufiche uchakavu. Ajaribuye lori na aliendeshe kwanza hadi mafuta yapate moto, ndipo akate usukani likiwa limesimama.

Ugumu wa upande mmoja peke yake ni habari nyingine. Pampu hutumikia pande zote mbili, kwa hiyo ni vigumu kuilaumu. Valivu na njia zilizomo ndani ya sanduku zichunguzwe kwanza.

Uamuzi wa mwisho hutolewa na geji ya kanieneo iliyofungwa kati ya pampu na sanduku, ikifuatiwa na koki. Koki hufungwa kwa muda usiozidi sekunde 5, kwani pampu hupata moto upesi mno. Geji ikifikia kipimo cha mtengenezaji, pampu ni nzima na shaka hubaki kwenye sanduku; isipofikia, mkanda ukiwa umekaza na mafuta yakiwa kamili, pampu ndiyo yenye kosa.

Kabla ya kufunga pampu mpya, mafuta ya zamani hupitishwa kwenye kitambaa cheupe. Unga wa chuma ukionekana, mabomba na chombo husafishwa na chujio hubadilishwa, la sivyo unga huo utaingia katika pampu mpya na kuanza kuupanua upenyo wake tangu siku ya kwanza.