UANAGENZI MATOPENI

Ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa shule yetu atafanya nini likizo ya Agosti, atakupa moja kati ya majibu mawili: ataenda tuisheni au atalala. Mimi pia nilikuwa na majibu hayo hayo. Lakini likizo iliyopita nilishinda wiki tatu matopeni, nikihesabu miche ya mikoko kando ya hori ya Tudor, hapa hapa Mombasa. Wenzangu wa mtaani waliponiona nikirudi na tope hadi magotini walinicheka, wakanibandika jina la Kaa. Basi nimeshika kalamu niwaeleze kazi yenyewe ni ipi, na jinsi nilivyonusurika kuiharibu.

Tuanze na neno lenyewe. Mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi kwa kuifanya, chini ya wale wanaoijua. Seremala ana wanagenzi wake, na mashirika ya kutunza mazingira yana wao. Aghalabu huwa ni wanafunzi wa vyuo vikuu. Sisi wa sekondari tulichukuliwa wawili tu, tena kwa barua ya mwalimu na idhini ya mzazi.

Na shirika lisilolenga faida ni lipi? Ni lile ambalo wenyewe hawagawani faida mwisho wa mwaka kama wenye duka. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024, inayaita mashirika ya manufaa kwa umma. Pesa zao hutoka kwa wafadhili na michango ya watu, na anayetoa pesa hutaka kuonyeshwa zimefanya nini. Neno hilo "kuonyeshwa" liweke akilini, maana ndilo lililotaka kuniponza.

Mamangu hakufurahi hata kidogo. Yeye huuza mahamri na mbaazi asubuhi, na likizo ndiyo wakati wangu wa kumsaidia.

"Watakulipa ngapi?" akaniuliza.

"Nauli, Mama, na chakula cha mchana."

"Nauli! Kazi ya nauli ni kazi gani hiyo?"

Sikuwa na jibu. Tukapatana kwamba niamke saa kumi alfajiri nikande unga kwanza, ndipo niende huko kwangu matopeni.

Siku ya kwanza nilidhani nitapewa miche nipande, nipigwe picha, nirudi nyumbani. Wapi! Mratibu wetu, mama wa makamo ambaye sote twamwamkia shikamoo, alitutembeza kwanza tujue miti. Mimi nilizaliwa Mombasa na nilikuwa nikidhani kila mti uliosimama kwenye maji ya chumvi ni mkoko. Kumbe pwani ya Kenya ina aina tisa za miti hiyo, na kila mmoja una jina lake na mahali pake. Mlilana husimama mbele kabisa, unakopigwa na mawimbi. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, hukaa nyuma yake penye tope laini. Kisha huja mkandaa. Mchu, ambao mizizi yake huchomoza juu kama penseli ili ivute hewa, utaupata mbele na utaupata pia nyuma karibu na nchi kavu.

Wazee wetu waliijua miti hii kwa kujengea. Hata leo fundi atakutajia fito, pau na boriti kwa kufuata unene wa mti. Ilikatwa na kupelekwa ng'ambo kwa majahazi hadi serikali ilipopiga marufuku kuiuza nje mwaka 1982. Mikoko huzuia mawimbi yasile ufuo, na samaki na kamba wadogo hukulia katika mizizi yake. Tope lake nalo hufungia hewa ya ukaa kwa miaka mingi sana. Hapo Gazi, Kaunti ya Kwale, wanakijiji walianzisha mradi wa Mikoko Pamoja mwaka 2013. Wanatunza hekta 117 na kuuza kazi hiyo ya kufungia hewa ya ukaa kwa watu wa mbali. Pesa zimesaidia shule na maji ya kijiji. Mnunuzi aliye Ulaya haoni mkoko hata mmoja. Kwa hakika anachonunua ni hesabu, akiamini kwamba aliyehesabu hakudanganya.

Sasa kazi yetu. Mwezi wa Aprili shirika lilikuwa limepanda miche 600 ya mkoko katika viwanja sita, kila kiwanja miche 100. Watu walikuja kwa wingi, wakaimba, wakapigwa picha. Sisi tulitakiwa kujua mingapi imepona. Ukitaka kuhesabu hivyo unapiga vigingi vinne, unazungushia uzi, kisha unapita mstari kwa mstari ukiandika daftarini: hai, umekufa, haupo. Ni lazima uwahi maji yakiwa yamekupwa, maana yakianza kujaa hayakungoji. Na siku za bamvua hujaa upesi usivyodhani.

Zamu yangu nilianza na viwanja vitatu vya nyuma, vilivyo karibu na nchi kavu. Nikapata miche 58, 66 na 71. Nilipoinua macho, maji yalikuwa yameanza kurudi. Viwanja vitatu vya mbele vilikuwa huko tope lilikozidi, nami nilikuwa macho tangu saa kumi. Nikajiambia, mkoko ni mkoko, vya mbele vitakuwa vivyo hivyo. Nikaandika 60, 60 na 60. Jumla nikapata 375. Niliona ni namba nzuri, ya kumpendeza mfadhili.

Jioni mratibu alipitia daftari langu kimya. Kisha akauliza, "Mwanangu, kiwanja cha kwanza kina mti mkubwa pembeni. Ni mti gani?"

Nikanyamaza. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata ofisini.

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alisema tu, "Kesho utarudi. Nenda na kaka yako wa chuo." Tulirudi. Kiwanja cha kwanza, chini ya mlilana mkubwa, kilikuwa na miche 4 iliyo hai. Cha pili 9. Cha tatu 11. Iliyobaki ilikuwa imeng'olewa na mawimbi, au imefukiwa na mchanga na takataka za plastiki. Jumla ya kweli ilikuwa 219, si 375.

Yule kaka wa chuo ndiye aliyenionyesha maana yake. Mbele ni mahali pa mlilana, akaniambia. Mkoko mchanga hauwezi kustahimili mawimbi ya pale. Watu hupanda mkoko kila mahali kwa sababu tunda lake refu ni rahisi kuliokota na kulichomeka topeni. Sasa fikiria, msomaji. Lau 60 zangu tatu zingepita, mwaka ujao miche mingine 300 ingepandwa mahali pale pale ife, na pesa na jasho la watu vingeenda na maji. Uongo wangu haukuwa wa daftarini tu.

Ripoti iliandikwa kwa namba ya kweli. Mratibu aliisoma mara mbili, akashusha pumzi, akaituma. Mpaka ninapoandika haya wafadhili hawajajibu, na sijui kama watakasirika. Lakini viwanja vya mbele havitapandwa mkoko tena.

Nikakumbuka tuliyosoma juu ya marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha vuguvugu la Green Belt mwaka 1977 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Akina mama wake walipewa pesa kidogo kwa kila mche uliopona, si kwa kila shimo lililochimbwa. Zamani nilidhani huo ni ubahili. Sasa naona alijua tofauti ya kupanda na kukuza.

Wenzangu mnaotaka kwenda, nawapa ushauri. Kwanza, msingoje tangazo. Pelekeni barua ya mwalimu wenyewe, tena mapema kabla shule hazijafungwa. Pili, ulizeni waziwazi kama kuna nauli na chakula, na ni nani atakayewafunza. Mahali ambapo mwanagenzi hupewa ufagio na kuchemsha chai tu, hapo hakuna uanagenzi. Tatu, cheti ni kizuri, ila msiende kwa sababu ya cheti. Nne, andikeni mlichokiona. Msichokiona, semeni hamkukiona.

Siku ya mwisho nilimsimulia mamangu habari ya 375 na 219. Alikuwa akihesabu pesa za mahamri. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanisogezea zile sarafu.

"Haya basi," akasema, "nihesabie na hizi. Lakini uzihesabu zote."