Je, Wajua? Swichi na Wi-Fi Hubishiana Hodi Kila Sekunde 30

Je, wajua kwamba kile kisambaza Wi-Fi kilichofungwa darini ofisini kwako hujitambulisha kwa swichi ya mtandao kila sekunde 30, usiku na mchana? Kinataja jina lake, tundu lake la kebo na kazi yake. Piga hesabu: mara 2,880 kwa siku! Na hakingoji kujibiwa hata mara moja.

Utaratibu huo unaitwa LLDP. Chama cha wahandisi cha IEEE kiliutoa mwaka 2005 ili vifaa vya kampuni yoyote vielewane. Kampuni ya Cisco ilikuwa na utaratibu wake tangu 1994, CDP, ambao hutuma salamu kila sekunde 60.

Je, wajua kwamba salamu hizo haziendi mbali? Swichi inayofuata kanuni huisoma salamu ya LLDP na kuikomesha papo hapo. Hata mgodi ukiwa na swichi 500, kila moja inawajua majirani zake tu. Fundi akiziunganisha orodha zao, ramani nzima ya mtandao hujitokeza, wala hakuna aliyepanda ngazi kufuata waya! Chini ya ardhi, ambako mwamba huzuia mawimbi na visambaza hupangwa handaki kwa handaki, hilo ni jambo kubwa mno.

Na je, wajua kwamba mashine huaga? Ikizimwa kwa utaratibu, hutuma ujumbe wa mwisho wenye muda wa sifuri, yaani: nifuteni. Umeme ukikatika ghafla, haiwahi kuaga. Swichi huvumilia sekunde 120, kisha hulifuta jina lake. Akija jirani mpya, swichi za kisasa hazisubiri zamu: hujitambulisha mara 4 mfululizo, sekunde moja moja!

Sasa sogea karibu, hapa ndipo patamu. Waya uleule unaobeba salamu hubeba pia umeme. Kanuni ya IEEE ya 2003 iliipa kila kebo wati 15.4, ya 2009 ikafika 30, na ya 2018 ikapaa hadi 90! Visambaza vingi vya kisasa huwaka kwanza kwa umeme mdogo, kisha huomba nyongeza kupitia LLDP, na ombi hupimwa kwa sehemu ya kumi ya wati. Kisambaza kinaweza kusema kinataka wati 25.5 kamili. Ukizima LLDP kwenye tundu hilo, baadhi ya visambaza hukosa nyongeza hiyo na kuzima baadhi ya redio zao. Watu watalalamika kwamba Wi-Fi ni dhaifu, kumbe aliyenyamazishwa ni mwombaji!

Wewe wa Kolwezi, hili ni lako. Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, iliyokamilika 1982, ina urefu wa kilomita 1,700 hivi. Lakini kebo ya mtandao kutoka swichi hadi Wi-Fi mwisho wake ni mita 100 tu! Ndani yake mna nyuzi 8 za shaba, kila moja na unene wa nusu milimita.

Boksi moja la kebo hiyo, mita 305, lina karibu kilo 4 na nusu za shaba. Ni sawa na misalaba minne au mitano ya Katanga, ile mikubwa ya kilo moja hivi ambayo wazee walilipia mahari. Mwaka 2024 mgodi wa Kamoa-Kakula, magharibi mwa Kolwezi, ulitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba. Ni maboksi zaidi ya milioni 80!

Lakini angalia dukani. Kuna kebo za alumini zilizopakwa shaba juu juu. Chukua kisu, kwangua uzi mmoja: ukiona weupe ndani, si shaba tupu. Alumini huukinza umeme zaidi ya mara moja na nusu kuliko shaba, kwa hiyo kebo hupata joto na Wi-Fi hupungukiwa wati. Kuuziwa waya kama huo juu ya ardhi hii ya shaba, hapana, tusikubali!

Je, wajua kwamba LLDP haina nywila? Mgeni akichomeka kompyuta ukutani, husikia jina la swichi na mara nyingi hata toleo la programu yake. Februari 2020 watafiti wa kampuni ya usalama ya Armis walitangaza mianya 5 katika vifaa vya Cisco vinavyotumia CDP, na vilivyoguswa ni makumi ya mamilioni. Basi iache LLDP iwake kwenye matundu ya Wi-Fi, izime kwenye matundu ya wageni.

Kesho mwombe fundi wako aandike kwenye swichi: show lldp neighbors. Soma majina yatakayotokea. Mkikuta jirani msiyemfahamu, fuateni kebo yake siku hiyohiyo.