Vumbi la Misisi na pafu la maabara

Dhahabu ya Misisi, huku Fizi, mashariki mwa Kongo, haipatikani bila kuponda mawe. Jiwe likitoka shimoni huvunjwa kwa nyundo, kisha husagwa kwa mashine au akina mama hulitwanga kwenye vinu vya chuma hadi liwe unga. Unga unaobaki kinuni huoshwa ili kutafuta dhahabu; unaopeperuka huvutwa puani. Chembe kubwa hunaswa na kamasi. Zile zisizofika maikroni 4, nyembamba kuliko unywele zaidi ya mara kumi, hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa, na humo hatari kubwa ni ya kwatzi, madini yaliyomo ndani ya jiwe.

Vumbi la aina hiyo ndilo mizani ya wataalamu wa nanomateria, chembe ndogo zaidi kuliko hizo, zisizozidi nanomita 100. Anayetaka kujua kama chembe mpya ya kiwandani inadhuru mapafu huilinganisha na kwatzi, hasa ile iitwayo DQ12, iliyochimbwa Dörentrup, Ujerumani. Kwatzi madhara yake kwa binadamu hayana ubishi: huleta silikosisi, ugonjwa wa makovu ya mapafu, na tangu 1997 shirika la utafiti wa saratani, IARC, limeiorodhesha miongoni mwa visababishi vya saratani. Seli za pafu zilizokuzwa maabara zisiposhtushwa na kwatzi, usiziamini zikisema nanomateria fulani ni salama.

Seli zinazotumika sana ni A549, zilizopatikana 1972 kutoka kwenye uvimbe wa saratani katika pafu la mwanamume wa miaka 58. Hazina shida kuzikuza, ila ni seli za saratani, na mimi zikiwa peke yake huwa nazitilia shaka. Zamani chembe zilimwagwa ndani ya kimiminika kinachozifunika seli. Za nano zilielea tu, nyingi hazikuzifikia seli, na majibu yakapendeza bila sababu. Siku hizi seli hupandwa juu ya utando wenye vitundu, lishe chini, hewa juu, zikiongezewa makrofaji, yaani seli walinzi zinazomeza uchafu. Kisha chembe hupuliziwa kama ukungu.

Makrofaji ikimeza kwatzi, kifuko chake cha kumeng'enyea hupasuka, nayo hutoa ishara ya uvimbe iitwayo interleukini-1 beta. Ikifa, chembe hutoka nzima na kumezwa na nyingine. Katika pafu mzunguko huo huacha makovu baada ya miaka; sahani ya maabara, inayodumu siku au majuma, haiyaonyeshi. Wala haionyeshi kifua kikuu, kinachompata kwa urahisi zaidi mchimbaji mwenye silikosisi.

Kuna jambo jingine. Kwatzi iliyovunjwa sasa hivi ni kali kuliko iliyokaa, kwa kuwa uso wake mpya hubeba radikali, yaani vijenzi vya kemikali vyenye ukali mwingi, ambazo hupungua kadiri muda unavyopita. Ya maabara hukaa chupani. Ya kinuni huvutwa papo hapo. Kwa hiyo kipimo cha chupa huenda kikaonyesha ukali mdogo kuliko ule halisi wa vumbi la Misisi. Kinga ipo: jiwe likiloweshwa kabla ya kupondwa, vumbi hupungua sana. Lakini kitambaa cha kufunga mdomoni hupitisha sehemu kubwa ya chembe hizo.