Dawa ya Kale, Kazi Mpya

Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Kawempe, iliyo kaskazini mwa jiji la Kampala kando ya barabara iendayo Bombo, huzalisha wanawake zaidi ya 20,000 kwa mwaka. Miongoni mwao wamo wanaofikishwa wakiwa na shinikizo kubwa la damu na protini katika mkojo, dalili zinazotangulia kifafa cha mimba. Ugonjwa huo, pamoja na kutokwa na damu na maambukizo, ni mmojawapo wa wauaji wakubwa wa akina mama wajawazito nchini Uganda.

Tiba yake kamili ni moja tu, nayo ni kumtoa mtoto pamoja na kondo la nyuma. Kondo lisilopata damu ya kutosha humwaga katika damu ya mama protini zinazodhuru mishipa yake, na maadamu kondo limo tumboni, madhara hayakomi. Magnesiamu salfeti huzuia degedege, na dawa nyingine huteremsha shinikizo, lakini hakuna hata moja iuondoayo ugonjwa wenyewe.

Ndipo daktari anapokabiliwa na uamuzi mgumu. Mimba ikiwa ya majuma 28, kumzalisha mama mara moja kunamwepusha na hatari, bali mtoto huzaliwa na mapafu machanga. Kungoja kunamfaa mtoto, bali kunamhatarisha mama. Dawa itakayoongeza siku chache za salama itakuwa msaada kwa wote wawili.

Kwa sababu hiyo wataalamu wameigeukia metformini. Dawa hii ya kisukari ilianza kutolewa kwa wagonjwa na daktari Jean Sterne wa Ufaransa mwaka 1957, na leo ni kidonge cha bei nafuu kipatikanacho karibu kila mahali. Mwaka 2016 watafiti wa Melbourne, Australia, walionyesha katika maabara kwamba metformini hupunguza zile protini zitokazo katika kondo. Kisha dawa hiyo ikajaribiwa katika Hospitali ya Tygerberg, Cape Town, kwa wanawake 180 waliopata ugonjwa huo mimba zikiwa za majuma 26 hadi 31. Baadhi walipewa metformini, wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: kwa kipimo cha kati, waliopewa metformini waliendelea na mimba kwa siku 17.7, na wenzao kwa siku 10.1.

Juma moja ni muda mkubwa kwa mtoto wa umri huo. Hata hivyo, kwa kanuni za takwimu, tofauti hiyo haikutosha kuondoa shaka kwamba ilitokea kwa bahati tu, tena waliomeza dawa waliharisha zaidi. Majaribio makubwa zaidi ndiyo yawezayo kukata shauri.

Nani agharimie majaribio ya namna hiyo? Metformini haina tena hakimiliki, na kampuni haioni faida katika kidonge ambacho kila kiwanda chaweza kukitengeneza. Basi mzigo huo ni wa serikali, vyuo vikuu na hospitali za umma. Uganda si mgeni wa kazi hiyo. Hidroksiyurea, dawa ya saratani, ilijaribiwa Mulago kwa watoto wapatao 200 wenye selimundu, kwa kuwa ilihofiwa kwamba ingewazidishia malaria. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba haikuwazidishia.

Yafaa basi wananchi waelewe mambo mawili. Kwanza, mjamzito asijinunulie metformini dukani kwa kutumaini kujitibu shinikizo. Aumwaye kichwa sana, aonaye ukungu machoni au avimbaye uso na awahi hospitali. Pili, utafiti wa dawa za zamani si anasa ya nchi tajiri. Nchi ambayo akina mama wake ndio wanaokufa ndiyo yenye haja kubwa zaidi ya kupata jibu.